Mafundi wa boksi la sabufa wanauza hesabu kwa bei ya mbao

Fundi amepiga goti nyuma ya Isuzu NQR iliyong'olewa viti vya mwisho. Anapima nafasi mara tatu kabla hajaandika chochote: urefu sentimita 160, kina 40, kimo 40. Mwenye gari amesimama mlangoni, katoni mbili za sabufa za inchi 15 zikiwa miguuni pake, na analotaka kujua ni bei ya boksi basi. Anapotajiwa anaruka. Hiyo ni mbao tu, anasema, na mbao haiwezi kukaribia bei ya spika.

Ua huo uko karibu na Barabara ya Kirinyaga, ambayo wakazi wengi wa Nairobi bado wanaiita Grogan. Nimeshinda hapo zaidi ya siku moja, na mabishano hayo nimeyasikia mteja baada ya mteja. Spika imetoka ng'ambo, amplifaya vilevile, hata waya. Kitu kimoja hakiji kwa meli, nacho ni boksi. Kuagiza boksi la lita 200 kutoka nje ni kulipia kontena lililojaa hewa, tena hewa isiyojua chini ya kiti cha gari lako pana nafasi gani. Ndiyo kusema thamani inayozalishwa hapa nyumbani, kwa mikono na akili za vijana wetu, imo ndani ya boksi. Na katika gharama zote za muziki wa gari, hilo ndilo linalolipwa kwa kulalamikiwa.

Soko lenyewe halina shaka. Tangu mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta aliporuhusu matatu zibebe abiria bila leseni maalumu ya uchukuzi, ushindani wa barabarani umekuwa mkali, na muziki umekuwa silaha mojawapo. Mwanahistoria Kenda Mutongi ameieleza safari hiyo kwa kirefu katika kitabu chake kuhusu matatu za Nairobi kilichotoka mwaka 2017. Leo kijana wa Rongai au wa Umoja ataacha magari mawili yapite akiingoja nganya, yaani matatu iliyopambwa, yenye ngoma nzito, na atalipa nauli ya juu bila kunung'unika. Mwenye gari analijua hilo, dereva na makanga wanalijua zaidi. Ndiyo maana maduka ya Luthuli Avenue hayakosi mnunuzi wa spika, na ndiyo maana useremala wa maboksi umekuwa kazi kamili ya kutwa, wenye wateja wa matatu, wa magari madogo na hata wa magari ya kukodi kwa arusi.

Turudi kwa yule fundi na vipimo vyake, kwa sababu hapo ndipo pesa zinapotengenezwa au kupotea.

Sentimita 160 kwa 40 kwa 40 ni lita 256. Seremala asiyejua spika huishia hapo. Lakini ubao wa MDF wa milimita 18 una unene wake. Ukitoa unene huo kila upande, ndani hubaki lita 207. Mbao zimekula lita 49 kabla sumaku za spika na tundu la hewa hazijachukua sehemu yao. Sabufa ya inchi 15 katika boksi lenye tundu huhitaji, kwa kawaida, kati ya lita 85 na 115 kila moja. Sabufa mbili kwenye nafasi hiyo zimebanana tayari. Fundi niliyemtazama aliligundua hilo kwa penseli, juu ya kipande cha ubao, akamshauri mteja arudishe sabufa moja dukani au achukue mbili za inchi 12. Mteja alikasirika. Mimi nilimwona kuwa ameokolewa.

Tundu ndilo lenye siri kubwa zaidi. Watu hudhani ni pambo, au ni pa kutokea moto wa koili. Hapana. Hewa iliyomo kwenye tundu hufanya kazi kama uzito, na hewa iliyomo kwenye boksi hufanya kazi kama springi. Viwili hivyo kwa pamoja vina noti yao, kama chupa inavyolia ukiipuliza mdomoni. Ukirefusha tundu, noti inashuka. Ukilipanua au kulifupisha, inapanda. Mafundi wengi wa muziki wa magari hulenga mitetemo 30 hadi 40 kwa sekunde. Albert Thuras wa Bell Labs, Marekani, aliipatia njia ya tundu hataza mwaka 1932. Boksi lililozibwa kabisa nalo lilipata heshima yake mwaka 1954, Edgar Villchur alipotoa spika ya AR-1. Lakini waliogeuza ubahatishaji kuwa hesabu ni Neville Thiele, aliyechapisha kazi yake Australia mwaka 1961, na Richard Small aliyeiendeleza miaka ya 1970. Kutokana na kazi yao, kila spika inayojiheshimu huja na karatasi yenye namba tatu nne zinazomwambia fundi boksi liwe na lita ngapi na tundu liwe na urefu gani.

Karatasi hiyo ya katoni zile mbili niliiona sakafuni, imekanyagwa, imejaa vumbi la MDF. Fundi aliiokota, akaikung'uta, akaisoma. Kwenye ua wa jirani hakuna aliyejishughulisha. Hapo maboksi hukatwa kwa mazoea, kipimo kimoja kwa kila gari, na sabufa zinazorudi zimeungua koili huhesabiwa kuwa bidhaa mbovu ya dukani. Mara nyingi si mbovu. Besi inaposhuka chini ya noti ya boksi lenye tundu, hewa huacha kuishika spika, nayo hurukaruka bila breki hadi koili inaharibika. Kichujio cha kukata mitetemo hiyo ya chini mara nyingi kimo ndani ya amplifaya yenyewe. Ni kifundo cha kuzungusha tu, ilmradi awepo wa kukizungusha.

Kosa jingine linatokana na kunakili. Vijana hutazama video za Marekani, boksi limo katika gari dogo na vioo vinatikisika, wakalijenga lilivyo. Chumba kidogo cha gari husaidia besi: kadiri kilivyo kifupi, ndivyo kinavyoinua noti za chini. Basi la viti 33 ni refu, na msaada huo huanza chini zaidi, mahali ambapo muziki mwingi haufiki. Boksi lililofanya maajabu kwenye gari dogo litasikika limepoa kwenye NQR, na mwenye gari ataambiwa aongeze wati.

Biashara ya wati ni tamu kwa muuzaji. Kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, na sikio la binadamu linahitaji takriban desibeli 10 kuhisi sauti imekuwa maradufu. Boksi lenye tundu lililopimwa vyema laweza kukupa hizo 3, pengine zaidi, karibu na noti yake, kwa gharama ya gundi, mbao na saa chache za akili. Mteja anayekopa kununua amplifaya kubwa zaidi huku akimpunja seremala ananunua kwa bei ghali kitu ambacho angekipata kwa bei rahisi.

Umeme ndio unaonitia hofu. NQR hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfuatano. Amplifaya nyingi za magari zimetengenezewa volti 12. Fundi mwenye haraka huchomeka waya kwenye betri moja kati ya hizo mbili, muziki unalia, pesa inalipwa. Lakini alteneta huzichaji zote mbili kwa pamoja. Ile inayonyonywa na amplifaya hubaki na njaa, na mwenzake hulishwa kupita kiasi hadi maji yanachemka. Baada ya muda mwenye gari ananunua betri mpya, huku akilaani mwenye duka la betri. Dawa ipo: kigeuzi cha kushusha volti 24 hadi 12, au kisawazishi kati ya betri mbili. Si vitu vya ajabu, ni kwamba havionekani kwa abiria, basi mteja havitaki kwenye hesabu.

Na waya. Amplifaya ya wati 2,000 za kweli, ikipoteza robo ya umeme kwa joto, huvuta karibu ampea 190 pale besi inapogonga. Sokoni kuna waya mnene, mwekundu, unaong'aa, ambao ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya shaba. Ukwaruze kwa kisu: ukiona weupe, umenunua alumini. Fyuzi nayo lazima ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya unaopita chini ya miguu ya abiria. Nimeona fyuzi iliyofungwa kando ya amplifaya, mwisho wa gari. Mita zote zile za waya, pamoja na zulia na sponji ya viti, zimeachwa bila ulinzi.

Upande wa mwenye gari, hesabu muhimu ni ya viti. Tuchukulie nauli ni shilingi 100, safari 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Kiti kimoja kinachotolewa ili kupisha boksi ni shilingi 26,000 kwa mwezi gari likijaa, na 13,000 hata likijaa nusu ya safari. Aidha, boksi kama la yule fundi lina takriban kilo 40 za mbao kabla ya spika. Ni mzigo unaokula dizeli kila siku na haulipi nauli. Fundi anayejua kulilaza boksi chini ya kiti bila kupoteza nafasi ya abiria anamrudishia mteja wake pesa nyingi kuliko anazoomba, na ana haki ya kulisema hilo waziwazi anapotaja bei.

Sheria nayo ni sehemu ya hatari ya mtaji. Kanuni za waziri wa uchukuzi John Michuki zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 zilibadilisha sura ya matatu karibu usiku mmoja, na kanuni za kelele za mwaka 2009 chini ya mamlaka ya mazingira, NEMA, bado zipo. Anayewekeza mamilioni katika sauti anawekeza katika kitu ambacho msako mmoja waweza kukizima. Isitoshe, Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwenye desibeli 90 muda huo hushuka hadi saa 4. Makanga humaliza saa hizo kabla ya chakula cha mchana cha Jumatatu. Kwa hiyo sifa ya boksi zuri ni kutoa besi iliyo safi kwa sauti ya kiasi, bila kuhitaji kukandamizwa hadi mwisho. Mafundi wenyewe nao wanavuta vumbi la MDF siku nzima bila barakoa, ilhali vumbi la mbao limeorodheshwa kimataifa kuwa chanzo cha saratani.

Nini kifanyike? Mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, tayari hutahini useremala na umeme wa magari. Fundi wa boksi anahitaji vyote viwili, na vijana wa Grogan wangefaa kuvifanyia mitihani hiyo, maana cheti ndicho kinachomtoa mtu kwenye kupatana bei kandokando ya barabara na kumfikisha kwenye kandarasi za makampuni yanayounda mabodi ya mabasi. Yule fundi wangu ameanza na hatua ndogo: kila boksi analobandika zulia, huandika ndani yake kwa kalamu nzito idadi ya lita, noti ya tundu na tarehe. Likirudi baada ya miaka miwili, yeyote atakayelifungua atajua lilijengwa kwa hesabu gani. Bei yake ni ya juu kuliko ya jirani. Siku niliyoondoka, alikuwa na magari matatu yakisubiri.

Nawe mwenye gari, kabla hujatoa arbuni kwa fundi yeyote, mwulize mambo matatu: boksi litakuwa na lita ngapi ndani, tundu limepimwa kwa noti gani, na fyuzi itakaa wapi. Akikujibu yote bila kusita, mlipe anachoomba.