VIBAO VYA PIANO VILIVYOLEGEA

1. Piano na vibao vyake

Piano ni kinanda kikubwa chenye nyuzi za chuma ndani yake. Mpigaji hazigusi nyuzi hizo kwa mkono, bali hubonyeza vibao vilivyopangwa mbele yake. Piano iliyo kamili ina vibao 88: vyeupe 52 na vyeusi 36. Watu wengi hudhani kwamba kibao ni kile kipande kifupi tu kinachoonekana. Sivyo. Kila kibao ni ubao mrefu, na sehemu yake kubwa imefichwa ndani ya sanduku.

Ubao huo hufanya kazi kama mizani. Katikati umekaa juu ya pini ya chuma. Ukibonyeza upande wa mbele, upande wa nyuma huinuka, nao huisukuma nyundo ndogo iliyovikwa sufu, na nyundo hiyo huupiga uzi. Pini ya pili iko mbele, chini ya vidole vya mpigaji, nayo huingia katika tundu lililochimbwa upande wa chini wa kibao. Pini ya katikati hukishika kibao mahali pake. Pini ya mbele hukizuia kisiyumbe kulia wala kushoto.

Chuma kikisuguana na mti hufanya kelele, tena huula mti. Kwa hiyo mafundi hubandika vipande viwili vya kitambaa cha sufu ndani ya kila tundu, kimoja kila upande, ili pini ipite kati yake kimya kimya. Kila kibao kina matundu mawili ya namna hiyo. Basi hesabu mwenyewe: vibao 88 vina vipande 352 vya kitambaa.

2. Vitu vilivyotoka kwetu

Piano ya kwanza ilitengenezwa Italia na Bartolomeo Cristofori, karibu na mwaka 1700. Lakini pwani yetu ya kusini ina sehemu yake katika habari za kinanda hiki. Katika karne ya 19 vibao vyeupe vya piano nzuri vilifunikwa kwa pembe za ndovu, na nyingi katika pembe hizo zilitoka Afrika ya Mashariki. Misafara ilitoka pande za Ziwa Nyasa, ikapita katika nchi ya Wayao, ikashuka Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani. Watumwa wengi walizichukua pembe hizo mabegani, na walipofika pwani wao wenyewe pia waliuzwa. Majahazi yalizipeleka pembe Unguja, na kutoka huko merikebu zikazivusha bahari. Katika jimbo la Connecticut, Marekani, palikuwa na viwanda vya kuzipasua ziwe vipande vyembamba, hata mji mmoja wa huko ukapewa jina la Ivoryton kwa sababu ya pembe.

Vibao vyeusi navyo vilifanywa kwa miti migumu myeusi, kama abanusi na mpingo. Mpingo huota katika misitu ya Kilwa na Lindi. Ni mzito hata huzama majini, tena hukua polepole sana.

Mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kuikataza biashara ya pembe za ndovu wa Afrika kati ya nchi na nchi. Piano za siku hizi hufunikwa kwa plastiki. Kwa hiyo pembe iliyo juu ya piano ya kale haina badala yake. Iligharimu uhai wa ndovu na jasho la watu, na fundi akiivunja kwa haraka yake hawezi kwenda dukani kununua nyingine. Hii ndiyo sababu kazi ya kutengeneza vibao yataka akili kwanza, kisha mkono.

3. Sababu za kulegea

Kibao kilicholegea huyumba, hugonga jirani yake, na hutoa mlio wa mti ugongao mti. Wimbo ukipigwa, waimbaji husikia makelele kabla ya sauti. Sababu mara nyingi si mti wala chuma, bali ni kile kitambaa. Hulika kwa kusuguliwa miaka mingi. Pwani kina adui wengine wawili. Wa kwanza ni nondo, apendaye kula sufu. Wa pili ni kutu, kwa maana hewa ya bahari huipatia pini kutu, na pini yenye kutu hukisaga kitambaa kama tupa.

Usichanganye ugonjwa huu na ugonjwa wa masika. Wakati wa mvua mti hunywa unyevu, huvimba, na vibao hukwama. Kiangazi hukauka na kurudi hali yake. Kibao kinachokwama kina shida ya kubana. Kibao kinachoyumba kina shida ya kulika. Dawa zao ni mbali mbali.

Ili kujua tundu gani limelika, kishike kibao mbele ukisukume taratibu kulia na kushoto. Kikiyumba mbele tu, tazama tundu la mbele. Kikiyumba katikati pia, tazama tundu la katikati. Kikiteleza kwenda mbele na nyuma, basi kitundu cha duara kilicho upande wa chini, mahali pini ya katikati inapoingia katika mti mtupu, kimepanuka. Hicho hakina kitambaa; tone moja la maji ya moto huweza kuuvimbisha mti ukaishika tena pini.

4. Kuchagua zana

Fundi mwema hachagui zana kwa sababu inang'aa, bali kwa sababu yafaa kazi yake. Kwa kazi hii zatakiwa hizi:

Bisibisi inayoenea sawasawa katika kichwa cha skurubu. Bisibisi ndogo kuliko yapasavyo hukiharibu kichwa, na skurubu haitoki tena.

Kisu butu cha kuondolea kitambaa cha zamani, na wembe mkali wa kukatia kipya. Usivibadilishane, kwa kuwa wembe ukiingizwa ndani ya tundu huula mti.

Kitambaa cha sufu kilichofumwa kwa kushikamana, chenye unene ule ule wa kile cha kwanza. Pima unene kwa kipande ambacho hakijalika, usipime kwa kilicholika.

Gundi ya kale iliyopikwa kwa ngozi za wanyama. Gundi hii hulainika kwa maji ya moto, na fundi wa kesho ataweza kuifungua kazi yako bila kuuvunja mti.

Kabari ndogo zenye unene wa kuilingana pini. Mpingo wafaa sana, kwani ni mgumu, hulainishwa vizuri, na mafuta yaliyomo ndani yake huizuia gundi isishike upesi.

5. Kazi yenyewe

Kwanza fungua ubao wa mbele. Tazama kama vibao vina namba. Kama havina, viandike kwa kalamu ya risasi kuanzia kushoto, 1 hata 88, kabla hujatoa hata kimoja. Kisha vitoe, uvipange kwa taratibu. Safisha vumbi na usugue pini hata kutu iishe.

Lowesha kitambaa kilicholika kwa maji ya moto kidogo kwa brashi ndogo. Ngoja gundi ilainike, kisha kiinue kwa kisu butu. Angalia maji yasifike kwenye pembe ya juu, maana pembe nayo imebandikwa kwa gundi ya namna ile ile, na itabanduka. Uache mti ukauke kabisa.

Sasa paka gundi kidogo pande mbili za tundu, ingiza ncha za kitambaa kipya, kisha ingiza kabari katikati ili ikibane kitambaa kwenye mti. Gundi ikikauka, toa kabari na kata kilichozidi kwa wembe. Rudisha kibao juu ya pini zake. Ukikiinua na kukiachia, yapasa kianguke kwa uzito wake chenyewe. Ukikisukuma ubavuni, kicheze kidogo sana tu. Kikibana, kikandamize kitambaa kwa koleo laini, usikikate.

6. Mambo ya kuepuka

Pini ya mbele aghalabu si duara kamili. Ni bapa kidogo. Watu wenye haraka huizungusha kwa koleo ili upande wake mpana ukijaze kitambaa kilicholika. Siku ile kibao hutulia, lakini kingo za pini hukata sufu iliyobaki, na ugonjwa hurudi kwa nguvu zaidi. Wengine hushindilia karatasi, au hutia mafuta, ambayo hushika vumbi na kukwamisha kibao. Hayo yote huficha kosa wala hayaliondoi.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kipande cha sufu kisichozidi upana wa ukucha hulinda mti, chuma na pembe, vitu ambavyo thamani yake ni kubwa mara nyingi kuliko chenyewe.

MASWALI

1. Kwa nini kibao cha piano hufananishwa na mizani?
2. Taja adui wawili wa kitambaa cha sufu katika nchi ya pwani.
3. Utajuaje kama kibao kimelegea mbele au katikati?
4. Kwa nini gundi inayoweza kufunguka ni bora kuliko isiyofunguka?
5. Eleza safari ya pembe za ndovu kutoka bara hata kwenye piano.