Mofini: Dawa Halali Inayoogopwa

Mgonjwa wa saratani wa Mlingotini anaweza kuandikiwa mofini, dawa ya maji inayonywewa kila baada ya saa nne. Kuipata ndiyo kazi. Mofini na heroini zina asili moja, na pwani yetu yenye bandari bubu nyingi imekuwa njia ya heroini. Kwa hiyo mofini nayo inabanwa na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015: huagizwa kwa kibali, hufungiwa kabatini, na hutolewa kwa cheti cha daktari.

Sheria haikatazi tiba. Hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 unakiri kwamba dawa hizi ni za lazima katika kutuliza maumivu. Tatizo kubwa ni woga: daktari anaogopa kuandika, hospitali inaogopa kuagiza, ndugu wanaogopa kukutwa na chupa. Basi familia huifuata Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na nauli ikikosekana mgonjwa hukesha akilia.

Tunaziomba kamati za sharika ziwatembelee wagonjwa hawa, wa dini zote. Waelezeni ndugu watunze cheti pamoja na chupa, na dawa ikibaki baada ya msiba irudishwe hospitalini. Kwa wafadhili wetu, ombi la kwanza ni nauli.