Soka ya vijana Migori na Homa Bay: zao lisilopita kwenye mizani

Mkulima wa miwa wa Awendo anaijua sheria ya kwanza ya biashara yake: mzigo usiopimwa haulipwi. Trekta hupimwa likiwa limejaa, likapimwa tena likiwa tupu, na karatasi inayotoka hapo ndiyo anayoitunza hadi siku ya malipo. Kaunti za Migori na Homa Bay zina zao jingine linaloondoka kila mwaka bila kupimwa. Ni wachezaji wa soka wa umri wa miaka 12 hadi 18. Huondoka kwa basi la usiku kwenda Nairobi, kwa ahadi ya karo katika shule ya Kisumu au Kakamega, au kwa kuvuka Isebania kuingia Tanzania. Nyuma yao mara nyingi hakubaki hata mstari mmoja unaosema ni nani aliyewafundisha kutuliza mpira.

Mstari huo una bei. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji wa kulipwa akinunuliwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla ya mkataba wake kuisha, asilimia 5 ya ada hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea tangu msimu alipotimiza miaka 12 hadi ule wa 23. Ndiyo malipo ya mshikamano. Kila mwaka kati ya 12 na 15 huhesabiwa kuwa asilimia 0.25 ya ada, na kuanzia 16 kila mwaka ni asilimia 0.5. Kando yake kuna fidia ya mafunzo, ambayo hulipwa kijana anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa nje ya nchi alikolelewa, na tena kila anapohama kimataifa hadi mwaka anaofikisha 23. Barani Ulaya gharama ya kumlea mchezaji kwa mwaka mmoja hukadiriwa kati ya euro 10,000 kwa klabu za daraja la chini kabisa na euro 90,000 kwa vigogo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Beki aliyelelewa na klabu ya Rongo kuanzia miaka 13 hadi 18 anauzwa baadaye kwa euro milioni 1, ada ambayo katika ligi nyingi za nje haimshangazi mtu. Miaka mitatu ya mwanzo inailetea Rongo euro 7,500, na mitatu inayofuata euro 15,000. Jumla ni euro 22,500, yaani takribani Sh3.4 milioni euro moja ikiwa kwenye shilingi 150. Beki huyo akiuzwa tena miaka mitatu baadaye, hesabu inaanza upya. Mwonyeshe takwimu hizi mweka hazina wa timu yoyote ya ligi ya kaunti, atakuuliza kama umekosea sifuri.

Zamani klabu ndogo ilihitaji wakili kuzidai pesa hizi. Tangu Novemba 2022 malipo hupitia ofisi maalumu ya FIFA iliyoko Paris, na mgao hufanywa kwa kusoma pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji, inayotokana na kumbukumbu za usajili za shirikisho la nchi yake. Asiyekuwa kwenye kumbukumbu hayuko kwenye mgao.

Wakenya wanamjua Michael Olunga. Alipitia Liberty Sports Academy, Tusker, Thika United na Gor Mahia kabla ya kutua Djurgården ya Uswidi mwaka 2016, kisha akapita China, Uhispania na Japani hadi Al-Duhail ya Qatar. Kila penye ada katika safari kama hiyo, klabu zilizoandikwa kwenye historia ya mchezaji zina haki ya kuulizia fungu lao. Mwaka 2025 ikawa zamu ya Ryan Ogam wa Tusker, aliyefunga bao lililoizima Morocco katika michuano ya CHAN pale Kasarani, kuelekea Wolfsberger ya Austria. Soko lipo na linanunua.

Ila Nyanza Kusini, yaani Migori na Homa Bay, ina tatizo lake. Mlezi mkuu wa vipaji huku ni shule. Agoro Sare ya Oyugis hutajwa kila mara michezo ya muhula wa pili inapozungumzwa, na mvulana aliyeingia pale akiwa Kidato cha Kwanza alipata mazoezi, ushindani na chakula kwa miaka minne. Lakini shule si klabu mwanachama wa shirikisho. Mbele ya ofisi ya Paris, miaka hiyo minne ni pengo, isipokuwa kijana awe amesajiliwa pia na klabu inayotambuliwa na Shirikisho la Soka la Kenya (FKF). Sisemi walimu wameshindwa kazi. Wameifanya mno, ila kwenye daftari lisilosomwa na mtu wa malipo.

Kulikuwa na wakati eneo hili lilikuwa na klabu yenye nguvu ya kulibeba jambo hili. SoNy Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha Awendo, ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2006, ikiwaacha Gor Mahia na AFC Leopards wakitazama. Mfano wake wa biashara ulikuwa rahisi kueleza: kiwanda kinalipa mishahara, kinatunza uwanja, kinatoa basi, na kijana anayecheza vizuri anaweza kuambulia ajira kazini. Chemelil, Nzoia na Mumias ziliishi kwa mtindo huo huo. Kwa mzazi wa Awendo au Ndhiwa, hiyo ilikuwa ngazi inayoonekana kwa macho, kutoka timu ya kijiji hadi mshahara, bila wakala wala pasipoti.

Ngazi hiyo ilikuwa na mguu mmoja. Viwanda vya umma vilipozama katika madeni, timu zilizama navyo. SoNy Sugar ilitimuliwa Ligi Kuu mwaka 2019 baada ya kukosa kufika katika mechi tatu, miezi michache tu baada ya mdhamini mkuu wa ligi, SportPesa, kuondoka kwenye soka ya Kenya. Chemelil ilifuata njia ya kushuka, na Nzoia nayo. Mwaka 2025 serikali ilikodisha viwanda vinne vya sukari kwa wawekezaji binafsi kwa miaka 30, na cha SoNy kikaenda kwa Busia Sugar Industry. Mwekezaji hupiga hesabu ya tani za miwa na bei ya mfuko, na simlaumu. Lakini yeyote anayengoja kiwanda kirudi kuwa baba wa soka ya Migori anangoja mfumo uliokwisha kufa.

Ajabu ni kwamba viwanja vimebaki na vinatumika. Mara Sugar ya upande wa Trans Mara ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2024, mechi zake za nyumbani zilichezwa Awendo. Shabana ya Kisii imewahi kuhamia Uwanja wa Raila Odinga mjini Homa Bay, ule ule uliobeba sherehe za Madaraka mwaka 2025. Kwa hiyo kaunti hizi mbili zina nyasi za kuchezea Ligi Kuu, ila msimu huo wa 2024/25 hazikuwa na klabu yao hata moja ndani yake. Migori Youth imewahi kufika Supa Ligi, daraja moja chini. Kaunti hizi zimekuwa wenye nyumba wa kupangisha.

Ukitaka kuona gharama halisi ya malezi, usiende uwanja mkubwa. Nenda uwanja wa shule ya msingi kati ya Rongo na Kendu Bay, Jumamosi saa nane mchana. Magoli ni ya miti ya mikaratusi. Ng'ombe wametoka kufukuzwa na chokaa haijafika kona ya mbali. Kocha, ambaye siku za kazi ni mwalimu au mwendesha bodaboda, ana mipira miwili, mmoja umeshonwa, na gunia la jezi lililofuliwa na mama wa mmoja wa vijana. Njumu ni za mitumba, na hazitoshi. Winga anapotolewa dakika ya 60 anaketi kwenye mstari, anazivua, anampa anayeingia; yule wa pili anajaza karatasi kidoleni kwa sababu mguu wake ni mdogo. Kisha yako malipo ya refa na wasaidizi wake, matatu ya kukodi wakicheza ugenini, maji, dawa ya kuchua, mkate na chai baada ya mechi. Orodha hii haipati mdhamini. Inalipwa na kocha, na wazazi wawili watatu, na kijana fulani aliyefanikiwa mjini anayetuma chochote kwa M-Pesa.

Kiuchumi hiyo ni ruzuku. Walimu na wana bodaboda wa Migori na Homa Bay wanazifadhili klabu za Nairobi na, kwa mbali, za Ulaya, bila kujua na bila kushukuriwa.

Kiingilio je? Uwanja wa shule hauna ua, kwa hiyo hakuna lango la kukusanyia pesa. Jioni ya siku hiyo hiyo kibanda cha video cha sokoni kinajaa watu waliolipa kuitazama Arsenal. Wateja wa soka wapo, na wana shilingi mkononi. Kinachokosekana ni sababu ya kuwafanya wamfuatilie kijana wa jirani kwa msimu mzima: ratiba inayoheshimiwa, jedwali lililobandikwa mahali, jina mgongoni.

Badala ya ratiba tuna makombe. Kombe la gavana, la mbunge, la mwakilishi wa wadi, la kumbukumbu ya marehemu fulani. Hufumuka Desemba na kila uchaguzi unapokaribia. Mshindi huondoka na fahali, jezi na bahasha, na siku ya fainali hotuba huwa ndefu kuliko nusu ya kwanza. Siyadharau, kwa maana vijana wengi wameonekana hapo kwa mara ya kwanza. Lakini pesa zinazoteketea kwa wiki mbili za kombe zingeweza kuendesha ligi ya vijana ya miezi minane, na tofauti kubwa ni kwamba ligi ya shirikisho huacha kumbukumbu, kombe huacha picha. Katiba ya 2010 imeweka michezo na viwanja vyake miongoni mwa kazi za kaunti. Hakuna kisingizio cha kuitupia Nairobi.

Mpaka nao una habari yake. Tanzania ilipiga hatua mwaka 2021 Azam ilipoingia mkataba wa haki za matangazo wa Sh225.6 bilioni za huko kwa miaka 10, na wachezaji wa Kenya wameufuata mshahara huko kabla ya mkataba huo na baada yake: Joash Onyango na Francis Kahata walicheza Simba, Duke Abuya akaenda Yanga. Makocha vilevile; Francis Baraza, aliyewahi kuifundisha SoNy, alizinoa Biashara United ya Musoma na Kagera Sugar. FIFA hukataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji wa chini ya miaka 18, lakini kuna mwanya ambao ni kama ulichorwa kwa ajili ya Wakuria, wanaoishi pande zote mbili za mpaka: kijana anayeishi ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani anaweza kusajiliwa na klabu iliyo ndani ya kilomita 50 upande wa pili, mradi aendelee kulala kwao na mashirikisho yote mawili yaridhie. Isebania na Tarime zinaingia humo bila shida. Kwa kupitia mlango huo halali, miaka ya malezi ya pande zote mbili ingeandikwa.

Badala yake, wengi hukutana na mlango wa nyuma: mtu mwenye koti na simu mbili anayemwambia mzazi kwamba majaribio ya Ulaya yapo tayari, zimebaki pesa za viza. Tangu 2023 wakala wa soka lazima awe na leseni ya FIFA inayopatikana kwa mtihani, na hawezi kumfikia mtoto bila idhini ya maandishi ya mzazi. Anayeanza kwa kuomba pesa hana haja ya kuulizwa swali la pili. Ng'ombe wa kuuzwa kwa ajili ya viza abaki zizini.

Kwa wasichana hesabu ni tofauti kidogo. Kenya ilifika Kombe la Dunia la FIFA kwa mara ya kwanza kupitia wasichana wa chini ya miaka 17, mwaka 2024 katika Jamhuri ya Dominika, na wakaifunga Mexico 2-1. Malipo ya mshikamano yanawahusu, lakini fidia ya mafunzo haitumiki katika soka ya wanawake. Klabu inayomlea msichana ina fungu moja tu la kutegemea, nayo ni sababu zaidi ya kutolikosa.

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia sekondari pevu, na mmoja wa mikondo mitatu ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Shule zitakazouchukua mkondo huo kwa dhati zitakuwa na makocha, viwanja na vijana. Ni wakati mzuri wa kila shule ya soka katika kaunti hizi kufunga ndoa ya maandishi na klabu ya jirani iliyosajiliwa: shule inalea, klabu inasajili, mgao wa siku za usoni unaandikwa mapema kwa asilimia, wazazi wanashuhudia. Vyeti vya kuzaliwa viwe vya kweli. Umri wa kughushi ukigunduliwa, miaka yote ya malezi inatiliwa shaka.

Maafisa wa michezo wa Migori na Homa Bay wanaweza kuanza na kitu kisichohitaji tingatinga wala hafla ya kukata utepe: karani mmoja, kompyuta moja na ada za usajili za timu za vijana zilipwe na kaunti. Nawe kocha wa Jumamosi, usingoje karani huyo. Chukua daftari lako, ulizia tawi la FKF la kaunti yako utaratibu wa kusajili vijana, uanze na walio na miaka 12. Msimu utakaowasajili ndio utakaohesabiwa, uliopita haurudishwi.