Mkulima Hakudanganya

Wachumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson waliwauliza wakulima wa mahindi wa Busia, magharibi mwa Kenya, kama msimu ujao wangetumia mbolea. Wakulima hao walikuwa wameshiriki mashamba ya majaribio na kujionea faida kwa macho yao. Takriban asilimia 98 walijibu kwamba wamepanga kuitumia. Msimu ulipofika, walioitumia kweli walikuwa asilimia 37 tu.

Mtu mwenye haraka angesema watu hudanganya kwenye hojaji. Mimi sioni uongo hapo. Wasiotumia mbolea wakiulizwa sababu, wengi husema pesa hazikuwepo, na siku ya kununua kweli hazikuwepo. Lakini dukani mbolea hupimwa hata kilo moja, na wakati wa mavuno pesa zilikuwa mkononi. Katikati ilipita miezi ya ada, misiba na wageni. Hojaji hunasa nia ya siku ile mtu anapoulizwa. Yanayoifika nia hiyo baadaye haiyaoni.

Ndipo likaja jaribio, katika mpango ulioitwa SAFI. Kwa kura, baadhi ya wakulima walitembelewa mara tu baada ya kuvuna, wakauziwa vocha ya mbolea kwa bei ileile ya kawaida. Nafuu pekee ilikuwa kuletewa mzigo bure. Kura ndiyo roho ya kazi hii. Ukiwaacha watu wajichague, watajitokeza wenye bidii, na hutajua kama tofauti imeletwa na mpango au na bidii yao.

Matumizi ya mbolea yalipanda. Wengine waliahidiwa usafiri uleule wa bure, ila baadaye, wakati wa kuiweka shambani ulipokaribia. Kwao hakukuwa na badiliko la maana. Nafuu ile ndogo ya wakati wa mavuno ilifanya kazi karibu sawa na punguzo la nusu bei lililotolewa msimu ukiwa umeshasonga. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2011.

Wachumi wanaeleza kwamba mtu huipa leo uzito kupita kiasi, na hudhani kesho atakuwa na msimamo zaidi kuliko alivyo. Kuuita huo ujinga wa mkulima ni kumwonea. Mwajiriwa hukatwa pensheni kabla hajauona mshahara. Mkulima ana nani wa kumkatia?

Basi je, dawa ni kumfungia mtu pesa zake? Pascaline Dupas na Robinson huyohuyo walilijaribu hilo kwa wanachama wa vyama vya kuwekeana akiba, katika eneo hilohilo la magharibi mwa Kenya. Baadhi walipewa kisanduku chenye kufuli na ufunguo wake. Wengine walipewa kisanduku kama hicho, ila ufunguo ukabaki kwa afisa wa mradi mpaka akiba ifikie lengo la afya walilolitaja. Kwa nadharia, cha pili ndicho kilichopaswa kushinda. Baada ya mwaka, wenye ufunguo ndio waliotumia zaidi kwenye vitu vya kujikinga na maradhi, kwa theluthi mbili au zaidi kuliko wasiopewa kitu. Wale wa ufunguo wa afisa hawakuongeza: mtoto akiugua usiku, pesa iliyofungiwa haimsaidii.