Mgeni katika Mtaa wa Seoul

Wahenga walisema, mgeni ni kipofu. Maana yake, huona kwa macho lakini hajui sababu ya ayaonayo. Ndivyo alivyo mtu afikaye mara ya kwanza Seoul, mji mkuu wa Korea ya Kusini. Mji huo una watu zaidi ya milioni tisa, na wengi wao hukaa katika nyumba za ghorofa, jirani juu ya jirani.

Kwanza, mgeni huona kwamba hapana aingiaye nyumbani na viatu. Sababu yake ni sakafu. Nchi hiyo ina baridi kali na theluji. Zamani moshi wa moto wa jikoni ulipitishwa chini ya sakafu ya mawe ili kuipasha nyumba joto. Siku hizi hupitishwa maji ya moto katika mabomba. Juu ya sakafu hiyo watu huketi, na wengine hula na kulala papo hapo. Basi aikanyagaye kwa viatu ni kama amekanyaga kitanda cha mwenyeji wake.

Pili, huulizwa umri wake mapema, akadhani anapelelezwa. Kumbe sivyo. Katika Kikorea, maneno ya kumwambia mkubwa si yale ya kumwambia rika. Asiyejua umri wa mwenziwe huogopa kumvunjia heshima kwa kutojua. Hata mezani hungoja mkubwa wa wote aanze kula, na mkubwa hupewa kitu kwa mikono miwili.

Tatu, ni habari ya taka. Tangu mwaka 1995 taka za nyumbani sharti zitiwe katika mifuko maalumu ya kununua. Mabaki ya chakula hutengwa, na mahali pengi hupimwa uzito, kila mtu akalipa kwa kadiri ya alichotupa. Kisha hugeuzwa mbolea au chakula cha mifugo. Mgeni huona udhia. Lakini watu wanapokaa karibu hivyo, uvundo wa taka za mmoja huwafikia wote.

Tena, kabla ya majira ya baridi, jamaa na majirani hukusanyika kutengeneza kimchi. Hutia kabeji chumvi, wakazipaka pilipili, vitunguu saumu na tangawizi, wakaziacha zichachuke. Zamani hiyo ndiyo iliyokuwa mboga yao mpaka theluji iishe. Kazi ikiisha, hugawiana.

Iko desturi ya zamani pia kwamba ahamiaye mtaani huwapelekea majirani mikate ya mchele yenye maharagwe mekundu. Mgeni aijuaye desturi hiyo hasubiri kutazamwa na majirani kwa mashaka. Huvua viatu, akapiga hodi, akatoa mikate yake kwa mikono miwili. Hapo upofu wake umeanza kumtoka.