Serkali ikikata franga, radio gani inaumia kwanza?

Bethel ni muji mudogo wa Alaska, kule Marekani, kando ya mto Kuskokwim. Watu ni karibu 6 000. Hakuna barabara inayotoka miji mingine kufika kule: ni ndege ao ni mto. Watu wa Shabunda hawana lazima ya kuelezwa maisha ya namna hiyo. Radio yao, KYUK, ilianza mwaka 1971, na inasema Kiingereza pamoja na Yup'ik, luga ya wenyeji.

Mwezi wa saba 2025, Bunge la Marekani lilifuta dola miliyari 1,1 zilizokuwa zimekwisha kupangwa kwa radio na televisheni za umma. Rais Donald Trump alisema vyombo vikubwa, NPR na PBS, vinaegemea upande mmoja wa siasa. Sasa angalieni fimbo ilimwangukia nani. NPR ilikuwa inapata moja kwa moja kwa serkali kama 1% tu ya bajeti yake. KYUK, karibu 70%.

Tofauti hiyo inatoka wapi? Mtambo wa kurusha sauti hauulize wasikilizaji ni wangapi. Wawe miliyoni moja ao elfu sita, unakula umeme uleule, fundi analipwa, na kipande kikiharibika bei haipungui. Kwenye muji mukubwa wasikilizaji wanachanga, makampuni nayo yanasaidia. Bethel watachanga wangapi?

Na kazi ya radio ile si muziki tu. Mwezi wa kumi 2025, mabaki ya kimbunga Halong yalipiga vijiji vya upande ule. Kipnuk na Kwigillingok vilijaa maji, nyumba zikachukuliwa, watu zaidi ya 1 000 wakahamishwa kwa ndege. Mzee anayesikia Yup'ik peke yake, simu ikikatika, ni radio njo inabaki.

Lakini serkali ikilipa, si itaamuru pia? Ni swali la kweli, hapa Kongo wote wanalijua. Wamarekani walijaribu kulijibu mwaka 1967: sheria iliyosainiwa na rais Lyndon Johnson iliunda shirika moja, CPB, la kusimama katikati ya serkali na radio. Baadaye franga zikawa zinapitishwa miaka miwili mbele, ili mukubwa akikasirika leo asikate kesho. Ukuta ule ulisimama karibu miaka 58. Tarehe 1 mwezi wa munane 2025, CPB ikatangaza kwamba inafunga.

Huku mashariki, radio nyingi za vijiji hazijakuwa ata na ukuta wa kuangushwa. Zinaishi na kominike za kilio na za ndoa, na miradi ya mashirika; mradi ukiisha, mazutu ya jeneratere nayo inaisha. Miradi mingi ya franga za Marekani ilisimamishwa mwaka uleule wa 2025. Kwa hiyo radio ya huku iliyokuwa inapata kitu kwa miradi ile, na radio ya Bethel, zimekatiwa na Washington ileile.