Fahamu: Jirani wa kituo cha gesi ana haki ya kuambiwa nini?

Usiku wa Februari 1, 2024, lori la gesi ya kupikia lililipuka Embakasi, Nairobi, katikati ya makazi. Watu walifariki na mamia wakajeruhiwa. Mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, EPRA, ilisema mwaka 2023 ilikataa mara tatu maombi ya kujenga kituo hapo, ikitaja wingi wa watu wanaoishi karibu. Uamuzi kama huo unahusu uhai wa majirani. Wanastahili kuletewa mlangoni, si kuusikia kwenye habari baada ya moto.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai, hutambaa chini, hujaa mitaroni, na yaweza kukutana na jiko au swichi mbali na ilikotoka. Kwa asili haina harufu. Ile harufu kali huongezwa makusudi ili pua ikuonye. Ukiinusa, usiwashe wala kuzima taa, usiwashe gari. Ondoka kwa miguu kuelekea mwinuko, usifuate upepo unakoelekea.

Basi jirani aulize: kuna tani ngapi? King'ora kikilia tukimbilie wapi? Ulaya, baada ya ajali ya Seveso, Italia, ya 1976, sheria ya 1982 ilidai walio karibu na viwanda hatari waelezwe. Kenya, Kipengele cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na maombi ya kibali cha mazingira hutangazwa ili wananchi watoe maoni. Andikeni mapema, kabla ukuta haujainuliwa.